Picha Safi ya Tatu

Kampuni ya kuuza picha mtandaoni ilikuwa imemkatalia Larissa mara mbili kwa kosa lilelile: madoa ya vumbi. Wakikataa tena, wanamfungia akaunti. Ndiyo maana alikuwa amejiinamia kwenye kibanda cha chai kando ya Ziwa Kivu, uso ameukunja kama mtu aliyetukanwa, akizikuza kwenye kompyuta picha alizotoka kupiga, akiwinda kila nukta. Chini ya kiti chake kulikuwa na viatu vya kaka yake, Régis.

"Kaka yako iko wapi?" aliuliza Mukandutiye, mwenye kibanda. "Chai yake inapoa."

"Iko mu maji, anaogelea. Niache kwanza, mama!"

Vumbi la ndani ya kamera alilijua tabia: hukaa palepale katika kila picha. Akafuta doa la angani, akafuta la mlimani. Ila ziwani kulikuwa na nukta nyeusi. Katika picha ya kwanza ilikuwa karibu na ufuko, katika ya pili ilikuwa mbali. Picha ya tatu haikuwa nayo kabisa.

"Bon, hii ndiyo safi," akasema, akataka kuituma.

Kidole kikaganda. Vumbi halihami.

Akairudia picha ya pili, akaikuza mpaka mwisho. Nukta ilikuwa na mkono, umeinuliwa juu.

Akainama kutazama chini ya kiti. Viatu vya Régis vilikuwa palepale.