Mwenye Damu Yake Ndani

Kundi la Walinzi wa Ziwa pale mjini Buffalo lilikuwa na katiba, na katiba yenyewe ilijaa masharti ya kuchosha. Usivue barakoa hadharani. Usiwaambie wa nyumbani kwako. Usiulize habari za nyumbani kwa mwenzako. Lakini chungu kuliko zote ilikuwa kanuni ya sita: mwenye damu yake ndani ya hatari aseme mwenyewe, avue glavu, asimame nyuma ya kamba mpaka kazi iishe. Haikutungwa kwa roho mbaya. Ilitungwa baada ya mwenzao mmoja kuliacha basi zima likizama ziwani ili akamtoe mkewe kwenye gari la nyuma. Siku ya kuipigia kura, mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Bernadette Pilarski.

Bernadette ndiye aliyekuwa Nguzo. Mji mzima ulimjua Nguzo kwa barakoa yake ya kijivu, mwanamke anayebeba daraja mabegani mpaka mtu wa mwisho avuke. Nyumbani alikuwa mama yake Corinne tu, mpika supu ya kabichi iliyozidi chumvi. Corinne, msichana wa miaka kumi na miwili, alibandika picha ya Nguzo juu ya kitanda chake.

"Mwone mwenzio," alimtania mama yake. "Wewe hata mfuko wa viazi unaulalamikia!"

Mama alikuwa anameza kicheko na kumwambia akafagie chumba.

Jumamosi moja theluji iliyorundikana ikaliangusha paa la ukumbi ambamo watoto huteleza kwa viatu vya magurudumu. Corinne alikuwa ameaga asubuhi kwamba anakwenda huko huko. Walinzi walipofika, Tillery, mwenyekiti wao, mzee wa sauti nzito, akauliza kama kanuni inavyotaka: "Kuna mwenye damu yake humu?"

Jamani, angenyamaza tu! Nani angejua? Nani angemuumbua? Lakini mtu aliyezoea kusema kweli, ulimi wake hauna breki.

"Mimi," akasema Bernadette.

Wote wakamgeukia. Yeye ndiye waliyekuwa wakimtegemea.

"Usimtaje ni nani," akasema Tillery. "Vua glavu, dada."

Glavu akapewa Ogden, pande la mtu aliyejiunga juzi, ambaye nguvu zake hazifiki hata nusu ya za Nguzo.

"Dada, mzigo huu mimi siuwezi," akanong'ona.

"Utauweza. Piga goti moja, usikaze shingo."

Akaenda kusimama nyuma ya kamba. Kamba gani hiyo! Utepe wa manjano, hata paka angeukata. Ogden akaliinua paa akitetemeka, na Dwight, awezaye kupenya ufa wowote kama moshi, akawa anaingia na kuwaelekeza watoto njia. Wakatoka wakitambaa, viatu vya magurudumu bado miguuni. Kila kichwa kilichochomoza Bernadette alikikodolea macho akitafuta sweta jekundu la Corinne. Moyo ulikuwa unampasuka, na miguu haikusogea.

Kisha Ogden akapiga ukelele, magoti yakamwisha, na paa likarudi chini. Aliyebaki ndani alikuwa mmoja tu.

Baada ya mazishi walikutana ghorofani, kwenye chumba chao cha mikutano. Tillery alileta donati, hakuna aliyezigusa. Akapendekeza kanuni ya sita ifutwe, na kufuta kanuni kulitaka mikono yote ipande.

Dwight akaomba kusema kwanza. Alikuwa analia waziwazi.

"Nilimfikia, Bernie. Mguu ulikuwa umebanwa. Sikujua ni wako, naapa. Hakumwita mama yake. Aliniuliza, Nguzo yuko wapi? Nikamwambia anakuja, yuko mlangoni."

"Akasemaje?"

"Akasema, basi we' watoe hawa wadogo. Mimi n'tamsubiri."

Bernadette akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari za mtoto wa jirani. Tillery akaitisha kura. Mikono ikapanda mmoja mmoja, wa Ogden ukiwa bado na bandeji. Wa Bernadette haukupanda.

"Nyoosha, mama, yaishe," akasema Tillery kwa upole. "Tunakufanyia wewe."

"Sinyooshi."

"Unatuadhibu?" akauliza Ogden.

"Nikiunyoosha mkono, nimekubali kwamba siku ile ningeweza kuingia. Mkiifuta leo, mimi pale kwenye kamba nilikuwa nafanya nini? Hebu niambieni. Mwanangu ananisubiri, mimi nimesimama nafanya nini?"

Wenzake walibaki na mikono juu, wakimngojea. Bernadette akaikalia mikono yake yote miwili, ile ile iliyobeba madaraja, isije ikapanda yenyewe. Akakaa hivyo mpaka wa mwisho aliposhusha wake, na kanuni ya sita ikabaki kama ilivyo.