Siku ya Tatu Isiyoandikwa

Asubuhi ya ibada ya kuwakumbuka wanyama wa maabara, Dakta Kuramochi aliketi mbele ya supu ya miso iliyokuwa ikipoa, akirudiarudia hotuba yake kwa sauti ya chini: panya elfu moja na mia mbili, sungura themanini, vyura arobaini. Kila majira ya kuchipua, kampuni ya dawa aliyoitumikia huko Osaka iliwakusanya wafanyakazi mbele ya jiwe la kumbukumbu, naye, mkuu wa wanakemia, akawaomba radhi viumbe waliokufa majaribioni.

"Hata vyura umewahesabu," alisema mkewe, Fumie, akimwongezea wali. "Mimi uliniweka fungu gani, bwana? La sungura?"

Dakta aliikunja karatasi ya hotuba. Juu ya jicho la kushoto la Fumie palikuwa na kovu la miaka kumi, rika moja na kile kidonge cha kufukuza usingizi.

Kidonge hicho alikitengeneza yeye. Alikimeza kwanza mwenyewe, kwa kuwa wanakemia wa kizazi chake waliona ni utovu wa adabu kumpa mtu kitu wasichokionja. Siku ya kwanza aliandika katika daftari: uchovu umekwisha, moyo umekunjuka. Siku ya pili aliandika vivyo hivyo. Siku ya tatu, akiwa hajalala hata kidogo, aliwasikia wapelelezi wakinong'ona kabatini, akamdhania Fumie kuwa mwenzao, akampiga usoni kwa birika la chuma. Hilo hakuliandika. Alijiambia kwamba mambo ya nyumbani hayana nafasi katika daftari la kazi, na wote waliomfundisha kazi wangesema hivyo hivyo. Kidonge kikaidhinishwa. Marubani vitani na mafundi viwandani wakapewa wakimeze. Vita vilipokwisha, kikauzwa madukani kama peremende, na vijana wakaanza kuiyeyusha dawa hiyo na kujidunga kwa sindano.

Sasa wizara ya afya ilikuwa ikitafakari kuipiga marufuku. Mkaguzi wake alikuwa amealikwa, na baada ya ibada Kuramochi alitarajiwa kutia sahihi tamko kwamba majaribio ya awali hayakuonyesha dhara lolote kwa mwanadamu.

Katika ua wa kampuni, Hirose, mkuu wa mauzo, aliyezoea kumwita Mwalimu kwa heshima, alimshika kiwiko. "Mwalimu, soma upesi leo. Panya hawana haraka, lakini mkurugenzi hajala."

"Na lile tamko?"

"Sahihi tu. Si ulikimeza mwenyewe? Na tazama, u mzima kama fahali!"

Mtawa wa Kibudha aliyeongoza ibada alimaliza sala, moshi wa udi ukatanda. Kuramochi akasoma: panya, sungura, vyura. Hapo ndipo alipozoea kuinama na kurudi mahali pake. Safari hii aliendelea kusimama.

"Na mke wangu," alisema.

Mtu mmoja alicheka.

"Siku ya tatu ya kukimeza kile kidonge nilirukwa na akili, nikampasua mke wangu uso. Sikuandika. Niliona haya."

"Mwalimu amechoka!" Hirose alidakia. "Keti, Mwalimu, unatuaibisha."

"Mwache," alisema mkaguzi. "Dakta, hayo yalitokea lini?"

"Kabla hakijauzwa hata kimoja."

Kutoka safu ya nyuma alijitokeza Tomoe, mwanamke wa chumba cha kufungashia dawa. Hakuinama.

"Mdogo wangu alikuwa rubani," alisema. "Alirudi mzima, nikadhani tumepona. Sasa anajidunga hiyo dawa yako na kuwasikia watu darini. Mwenyewe anasema ni woga wake, kwamba wenzake walikufa kishujaa na yeye ni mwoga tu. Kumbe ulijua?"

"Nilijua."

"Basi njoo umwambie."

"Sasa hivi?"

"Ulitaka lini tena, Dakta? Miaka kumi haijakutosha?"

Hirose alimnyooshea kalamu na lile tamko. Kuramochi alilichukua, akalipasua vipande viwili, akampa mkaguzi. "Andika tamko jipya, lenye siku ya tatu," alimwambia. "Nikirudi nitalitilia sahihi."

Tomoe alikuwa amekwisha kutoka langoni. Dakta Kuramochi, mwenye miaka sitini na mitatu, alilazimika kukimbia ili amfikie, na njia nzima alitafuta maneno ya kumwambia yule kijana, asiyapate.