Chupa Iliyovuta Upepo

Noël alikuwa ameapa kwamba hatasimama tena kando ya barabara kuomba upepo wa dereva mwingine. Madereva wa barabara ya Bafwasende huapa hivyo kila wapatapo pancha, halafu wakifika mjini, bia ya kwanza tu, kiapo kimeyeyuka. Yeye hakusahau. Mkewe Bibiche alikufa akingoja chupa ya oksijeni, na chupa yenyewe ilikuwa ndani ya lori la Noël, limekwama njiani kutoka Banalia, tairi mbili chini. Alipofika kliniki na chupa begani, daktari alimwangalia, kisha akaangalia sakafu.

Matanga yalipoisha, alilipeleka lori kwa tonton Nassoro, mjomba wa heshima tu na fundi wa mtaa wa Mangobo, amfungie kompresa ya kujazia tairi upepo.

Kompresa mpya ni ya matajiri. Nassoro alimtafutia pampu ya klima, kile kipoza hewa, kutoka kwenye gari moja lililokunja pua kwenye mti. Pampu hiyo ukiifunga ubavuni mwa injini, ikazungushwa na mkanda, inasahau kazi ya kupoza na kuanza kusukuma upepo. Kilichokosekana ni tangi la kuutunza upepo huo.

"Tangi iko," Noël akasema, akashusha ile chupa. Gesi yake ilikuwa imetumiwa yote na jirani mchomeleaji. Imebaki chuma, kimo cha mtoto, rangi imebambuka.

Nassoro aliizunguka asiiguse. "Hii haikuwa ya mama Bibiche?"

"Iko chuma tu, tonton. Tena iko bure."

"Bon. Rahisi inavunja upishi. Lakini lori iko yako."

Katika ukoo wa Bibiche, wavuvi wa kule kwenye maporomoko ya mto, kitu kilichotafutwa kwa ajili ya mgonjwa kisipotumika hakibaki nyumbani. Orpha, mdogo wa marehemu, ndiye aliyezunguka chumba kwa chumba siku ya mwisho ya matanga: vidonge, shuka mpya, majani ya mchaichai yaliyokuwa bado yananukia, vyote akavitia mtoni. Chupa hakuiona. Ilikuwa ndani ya lori, na hakuna aliyefikiria kwamba kwa dereva lori nalo ni nyumba.

Kazi ilichukua siku nzima. Nassoro alikata chuma cha pembe, akakitoboa, akaishikisha pampu kwenye injini. Chupa akaifunga nyuma ya kibanda cha dereva kwa mikanda ya chuma, akatoa mpira mrefu wa kufika kila tairi, akaweka geji mbele ya usukani. Injini ilipowashwa, sindano ya geji ikapanda vizuri. Fundi akapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, na hakuna povu lililotoka. Noël alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kisha akaona aibu kwa kucheka.

Asubuhi sindano ilikuwa sifuri.

"Upepo unarudi kwa pampu," Nassoro akasema, akafunga clapet, kidude kinachoruhusu upepo uingie na kuuzuia usirudi. Kesho yake, sifuri tena. Fundi alikasirika sasa, maana kazi yake ilikuwa inatukanwa. Akaijaza chupa nusu, akapaka sabuni kwenye mdomo wa koki, akaifungua kidogo sana ili aone povu likivimba.

Utando wa sabuni haukuvimba. Ulizama ndani, ukakaa, halafu ukatoka polepole. Ukazama tena. Mara mbili kwa ufupi, mara moja kwa kina, na hapo ukatulia kidogo kabla ya kuanza upya. Noël akaweka kiganja kwenye koki. Ngozi yake ikavutwa, kisha ikapulizwa upepo wa vuguvugu, wenye unyevu, unaonuka mchaichai.

Aliijua pumzi ile. Alikuwa amekaa kando ya Bibiche kitandani akiihesabu mpaka daktari alipomtuma Banalia.

"Toa hii kitu leo," Nassoro akasema kwa sauti ndogo. "Mimi mwenyewe nitaifungua. Sitaomba kitu."

"Usiiguse, tonton."

Alipaswa kuogopa. Lakini furaha ilimjaa mpaka kooni. Safari hii chupa ilikuwa imefika, na yeye alikuwapo.

Basi akaanza kumlisha mkewe upepo. Bidhaa za Bafwasende zikapata dereva mwingine. Lori lilikaa uani, injini ikinguruma kutwa, majirani wakilalamikia moshi. Noël alikaa kwenye kibanda, macho kwenye sindano, akimpa Bibiche habari za mtaa: nani kaolewa, nani kafukuzwa, bei ya mchele ilivyowatoa watu jasho. Akisema jambo la kuchekesha, sindano ilitetemeka. Akinyamaza muda mrefu, ilianza kushuka haraka, naye akaongeza moto kwa mguu.

Siku moja aliacha mpira umeunganishwa na tairi la mbele, akasinzia mchana. Alipoamka tairi lilikuwa limelala kabisa. Bibiche alikuwa amelinyonya lote. Noël akaunganisha la pili kwa hiari yake mwenyewe, akasema, "Kunywa, mama." Madirisha yalikuwa yamefungwa, vioo vimeingia ukungu kwa ndani, na kifua kilikuwa kimembana. Ndipo alipogundua kwamba naye anavuta mara mbili fupi, moja ndefu. Hakufungua dirisha.

Orpha ndiye aliyelifungua. Alikuja mchana wenye mvua, amelowa, akikohoa, amefunga leso kifuani.

"Bokilo," akamwita shemeji yake, "batu banasema umekuwa wazimu. Nilisema nione na macho yangu." Akaitazama chupa nyuma ya kibanda. Akaitambua palepale: ndiyo ile iliyofika kliniki imechelewa. "Hii ilitakiwa iende mtoni. Noël, umefanya nini na dada yangu?"

Alitaka kuendelea, ila kikohozi kikamkata. Alishika mlango wa lori, akateleza, akakaa kwenye tope. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Noël aliruka chini, akamwinua, na hapo akaisikia pumzi yake: mbili fupi, moja ndefu. Nyuma yake sindano ilikuwa inacheza vilevile.

Pikipiki ya teksi haikufaa, kwani Orpha hakuweza kuketi bila kushikiliwa. Lori lilikuwa na tairi mbili za mbele chini. Chupa ilikuwa imejaa. Alikuwa ameijaza asubuhi yote.

Noël alisimama na mpira mkononi. Aibu ya kusimama kule ilimwandama baadaye kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu alisimama kweli, akimtazama mmoja, akimtazama mwingine. Kisha akaunganisha mpira kwenye tairi, akafungua koki yote.

Tairi likainuka kidogo. Halafu likaanza kushuka. Chupa ilikuwa inavuta kwa nguvu mpaka mpira ukajikunja mkononi mwake, na chuma kikaanza kulia ndani kwa ndani. Alipanda kibandani, akaongeza moto, injini ikapiga kelele, na tairi likazidi kuzama.

Akashuka, akaweka paji la uso kwenye chupa. "Bibiche, achilia. Si mimi naomba. Iko Orpha, mudogo yako. Hana pumzi."

Chuma kikanyamaza. Sindano ikasimama kabisa. Kisha upepo ukatoka wote kwa mkupuo mmoja mrefu, tairi likajaa, na alipouhamishia mpira la pili nalo likajaa bila kungoja injini, mpaka Noël akalazimika kuuchomoa mpira kwa mikono miwili. Alimbeba Orpha kibandani, akaendesha lori hadi hospitali, honi haikunyamaza njia nzima. Chupa za oksijeni zilikuwapo. Jioni Orpha alivuta pumzi sawasawa, akaomba chai, akaisifia sukari.

Noël aliporudi nyumbani aliijaza chupa kama kawaida. Asubuhi, kabla ya kunawa uso, alikwenda kutazama. Sindano ilikuwa palepale alipoiacha. Kesho yake pia, palepale.

Nassoro alipita, akagonga geji kwa ukucha, akafurahi. "Sasa imekubali. Unaweza kwenda Bafwasende na kurudi, hautaomba mutu upepo."

Noël alimshukuru, maana fundi alistahili. Alipobaki peke yake alifungua koki kidogo, akaweka kiganja pale, akangoja avutwe. Upepo ulitoka, ukaendelea kutoka, mkavu, usio na harufu yoyote, mpaka ukaisha.