Mashine Mbili na Bakuli la Yaqona

Prowse, mtaalamu wa kampuni, aliitua kompyuta yake mkekani kama tofali. Ya Vasiti, binti wa kijiji, ilikuwa nyembamba kama sinia, imekaa magotini pake.

"Dada, hiyo ni ya kuandikia barua," Prowse akamcheka. "Hii yangu ni ya wahandisi."

"Mto haujui cheo cha mashine," Vasiti akajibu.

Afisa ardhi, Bi Kelera, alikuja kuamua jambo moja: kampuni ikichimba kokoto mtoni, mafuriko yatafika kwenye mashamba ya magimbi au hayatafika? Asipoona ushahidi wa kijiji, angetia saini kibali cha kampuni kabla boti yake haijaondoka saa sita. Ndivyo kijiji kilivyopoteza kilima chake zamani. Babu yake Vasiti aliwekewa karatasi asiyoweza kuisoma, akachovya dole gumba kwenye wino, basi. Kampuni husahau. Kijiji hakisahau.

Mashine zote mbili zilipewa picha zilezile za angani. Ya Prowse ilivuma kama jiko la mafuta, ikamaliza kwa dakika nne: maji yalisimama mbali kabisa na mashamba. Vasiti, aliyejifunza kazi hiyo peke yake, alikuwa ameongeza alama za mafuriko ambazo wazee walizichonga kwenye nguzo za kanisa. Yake ikaandika: zimebaki dakika hamsini.

"Basi tuone yangu, tumalize," Prowse akasema.

Ratu Apakuki, mkuu wa kijiji, akapiga kofi moja. "Mgeni, yaqona kwanza. Bakuli likiwa na kinywaji, hakuna neno la kazi, wala wa kuinuka."

Kifuu cha yaqona, maji machungu ya mizizi, kikazunguka. Prowse aliiacha mashine wazi, ikirudia picha za mafuriko yake ili kila mtu ayaone. Feni yake ikalia. Vasiti alikunywa huku akiitupia jicho yake: ikikwama je? Thelathini kwa mia. Sitini.

Duru ya sita, kioo cha Prowse kikazima.

"Soketi iko wapi?"

"Jenereta huwashwa jioni, mwanangu," Ratu akasema. "Kunywa."

Bakuli lilipokauka, Vasiti akamgeuzia Bi Kelera kioo chake. Maji yalikuwa yamemeza mashamba yote, na shule.

"Bwana Prowse, alama za wazee uliziweka?" Bi Kelera akauliza.

"Hakuna aliyenipa."

"Uliomba?" Ratu akauliza.

Bi Kelera akairudisha kalamu mfukoni. "Wiki ijayo tutakutana hapa. Alama hizi ziingie kwenye mashine ya Bwana Prowse, tuone nayo itasema nini. Hadi hapo, sitaki kuona koleo mtoni."

Vasiti akamsogezea Prowse kifuu cha mwisho. "Yako ina mbio kuliko yangu, sikatai. Ila ukija tena, ifunge kwanza, ndipo unywe."