Bunduki Mbili, Simba Mmoja

Katika ghala la kituo chetu cha Kitengela mlikuwa na bunduki mbili, na kila askari wa wanyamapori aliruhusiwa kutoka na moja tu. Ya kwanza ilikuwa kuukuu, kitako chake kimefungwa kwa mpira wa tairi. Ungeiangusha kutoka juu ya gari na bado ingelia, ila kwa hatua mia mbili ilipiga inakotaka yenyewe. Ya pili ilikuwa mpya, ina darubini, na mimi ndiye niliyeipima shabaha. Matundu matatu kwenye karatasi, yote unayafunika kwa kizibo cha soda. Niliringa nayo, sikatai.

"Obonyo, chukua ile mzee," Sajini Katoo, mtunza ghala, aliniambia. "Hii ingine ni yai. Darubini ikigongwa, unalenga hapa, risasi inaenda pale."

"Afande, Saning'o amesema simba asipokufa leo, anaingia kichakani na mkuki. Niko na nafasi moja, tena ya mbali."

Saning'o alikuwa rafiki yangu. Ukame wa mwaka elfu mbili ulimwachia ng'ombe kumi na mmoja, na simba jike akala watatu kati yao. Sikio la kufa halisikii dawa, nilichukua yai.

Niliipakata mapajani, dereva akiendesha polepole. Karibu na Isinya tukamkuta mama yake Saning'o na mitungi minne ya maji, amechoka hoi. Nani angempita? Nikampa kiti changu cha mbele, nikakaa nyuma na mitungi, bunduki nimeizungushia blanketi. Tulipovuka korongo gari lilirushwa, mtungi mmoja ukaangukia darubini. Niliusikia mlio wake. Nilitazama kioo, hakikuwa na ufa, nikajidanganya kuwa ni salama. Kuijaribu kungemfukuza simba, na kurudi Kitengela kungenipa aibu mbele ya Katoo. Ni aibu hiyo iliyonishinda.

Tulimshusha mama bomani, Saning'o akatuongoza, tukamkuta simba amelala kando ya mto mkavu, ubavu wazi. Nikalenga bega. Risasi ikampata tumboni, akanguruma na kuingia kichakani.

"Ngoja!" nilimwambia Saning'o.

"Nimengojea serikali miezi tatu," akasema, akaingia na mkuki wake.

Nilipomfikia, simba alikuwa juu yake. Nikaweka jicho kwenye darubini, na kwa hatua kumi sikuona kitu ila manyoya. Nikapiga ardhini kumtisha, nikapiga tena, hata simba akakimbia. Saning'o alikata roho kabla hatujafika hospitali ya Kajiado.

Baada ya siku tatu mama yake alikuja kituoni. Hakutaja jina la mwanawe; kwao marehemu hatajwi.

"Watu wanasema wewe hukosi," alisema. "Siku ile ulikosa aje?"

Katoo alikuwa ameshaona alama ya mtungi kwenye darubini. Akainamisha kichwa. Ningesema ukweli, mama huyu angejua ni maji yake, na angeishi na hilo mpaka afe.

"Mkono ulitetemeka, Yeyo," nilisema, nikimwita mama kwa Kimaasai.

"Basi wewe ndiye uliua mtoto wangu."

"Ndiyo, ni mimi."

Akatema mate chini, akaondoka. Tangu hapo tukikutana njiani hunigeuzia kisogo, nami humwacha apite.