Mwanajeshi wa Vårby gård

Japhet alikuwa ameishi miaka mitano Stockholm, na kwa miaka yote mitano simu yake ililia kwa mambo mawili tu: kazini wamebadilisha zamu, au nyumbani Muleba kuna msiba. Siku nyingine aliitoa mfukoni na kuikagua kama imeharibika. Ilikuwa nzima. Wapigaji ndio hawakuwepo.

Majira hayo ya baridi kazi yake ilikuwa kuwavisha watu kofia. Kulikuwa na makumbusho madogo ya mavazi katikati ya jiji yaliyokuwa yakionyesha kepi, zile kofia za kijeshi za Wafaransa, za duara, juu bapa, zenye ukingo mfupi mbele. Ukutani zilijaa kadi za posta za wakati wa vita: wasichana wa Paris wamevaa kepi za wachumba wao walioko mstari wa mbele, wanatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Elise, mama wa Kiswidi aliyesimamia ukumbi, alimweleza kwamba baadaye mafundi walianza kuziiga, wakazitia utepe na manyoya, wakawauzia hata wanawake wasio na mtu yeyote vitani. Japhet akawaza, hao nawaelewa.

Kwenye kona palikuwa na pazia lililochorwa mizinga na moshi. Mgeni anavaa kepi, anasimama, Japhet anampiga picha. Wapenzi, watoto, wazee wa watu. Wote wakitoka wanamwambia asante bila kumtazama.

Jumatatu moja theluji ilifunga njia na hakuja mtu. Elise akasema, "Leo simama wewe." Akamvika kepi, akamweka mbele ya mizinga, akampiga picha. Picha ilitoka nzuri kuliko Japhet mwenyewe. Akaituma kwenye simu ya mama yake bila neno lolote, maana alikuwa mvivu wa kuandika na hajui kujisifu.

Sasa fikiria Muleba. Kule kofia ya jeshi haivaliwi na mtu asiye askari. Ukiivaa kwa utani utakwenda kueleza huo utani kituoni. Tena redio kila siku inasema Ulaya kuna vita. Mama akaona mwanawe, kofia, mizinga, moshi. Jumapili kanisa zima liliombea askari wetu Japhet.

Simu ikaanza.

"Kamanda," alisema Deo, aliyesoma naye sekondari na ambaye hakuwa amempigia tangu mwaka juzi. "Mbona hukutuaga? Mko upande gani?"

Japhet alikuwa jikoni kwake Vårby gård, pembezoni mwa Stockholm, anamenya kitunguu. Alifungua mdomo aseme ukweli. Ukatoka mwingine.

"Siruhusiwi kusema."

"Aisee. Jikaze, ndugu yangu. Kesho nitakupigia tena."

Na kweli akapiga. Wakapiga wajomba, akapiga mwalimu wake wa hesabu aliyekuwa akimwita kichwa cha nazi. Veronica, aliyemkataa mbele ya watu kwenye harusi ya binamu yake, alituma sauti nzima ya dakika mbili kumwombea. Japhet aliisikiliza mara nne. Kwa siku tisa alikula chakula cha jioni na sauti za watu wake, na kila aliyeuliza alimjibu kwamba yuko salama, jambo ambalo kwa kweli halikuwa uongo.

Siku ya kumi akapiga Brigitha, mdogo wake.

"Kaka, shikamoo. Mama kafunga kwa ajili yako tangu Jumatano. Dawa za presha hazimezi, anasema haziendi na tumbo tupu. Jana alianguka uani. Mwambie wewe ale, mimi hanisikii."

Japhet alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye treni. Akaketi kwenye benchi la stesheni. Alijua akisema, simu zitakwisha. Akapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Subiri, niko na akina mama wa jumuiya, wote wanakusikia. Nimeweka sauti kubwa."

"Itoe, mama. Nataka tuongee wawili."

"Sijui inatolewaje. Sema tu."

Akasema. Kwamba yeye si askari. Kwamba kofia ni ya maonyesho, mizinga imechorwa kwenye kitambaa, na kazi yake ni kuwapiga picha watu wanaoijaribu.

 Kule Muleba mama mmoja akacheka puani.

"Siku tisa," alisema mama yake, taratibu. "Deo anapiga, wajomba wanapiga. Kwa nini hukusema?"

"Walikuwa wanapiga, mama."

 Sauti ya mama ikashuka. "Huko unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Brigitha," akaita, "lete uji. Na zile dawa."

Akasikia kikombe kikiwekwa mezani, akamsikia mama yake akinywa. Akina mama wakaanza kumsema, kwanza kwa kunong'ona, halafu wazi: mwanajeshi wa kitambaa, huyo, hata utotoni alikuwa akiogopa batamzinga. Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Kutoka hapo wakahamia kwenye mvua, kwenye kahawa, kwenye binti wa fulani anayeolewa Biharamulo. Simu ilikuwa mezani na hakuna aliyekumbuka kuikata.

Treni ikaja, ikafungua milango, ikaondoka. Ikaja nyingine. Japhet alizima kipaza sauti cha upande wake, wasije wakamsikia akipumua wakakumbuka kwamba bado yupo.