Habari za Njiro

Lengai, fundi mawe wa Njiro, alipanda kwa wakwe zake Oldonyo Sambu kwa neno moja tu: nimekosa. Miezi mitatu nyuma, kwa hasira, alimwambia mkewe Naisiae arudi kwao, naye akarudi. Tangu hapo chumba walichopanga Lemara kilikuwa kimya hata akikohoa anashtuka. Juzi Naisiae akampigia simu: aje aombe mbele ya baba yake, washuke wote.

Mzee Simel, baba mkwe, alimpokea vizuri. Lengai aliinamisha kichwa, akaguswa utosini, kisha akaombwa habari. Kwa desturi ya kule mgeni hatoi shida yake kabla ya habari. Huzitoa zote, na mwenyeji huitikia "eee" kila akitua. Lengai alikusudia kuzifupisha: mvua, barabara, kazi, basi.

Lakini kwenye kazi alimgusia tajiri mmoja aliyejengewa ukuta mrefu mno, mbwa wake wakakosa wa kumbwekea wakaanza kubwekeana. Mzee akacheka hadi machozi. Lengai, ambaye miezi yote ile hakuzungumza na mtu ila kuagiza saruji, akanogewa. Akaongeza ya fundi mwenzake Hans, aliyejijengea ndani akasahau mlango. Akaongeza nyingine. Mara mbili alilikumbuka neno lake, akajiambia amalize kwanza hii. "Eee," mzee akaitikia, naye akasonga mbele.

Ng'ombe wakarudi. Gari la mwisho la mjini likapiga honi barabarani. Mzee akainuka kuhesabu mifugo, na Lengai, kwa mazoea, akaaga.

Naisiae alikuwa langoni, amevaa viatu vya safari.

"Nimekaa nyuma ya ukuta tangu saa saba," alisema. "Nimemsikia Hans, nimewasikia mbwa. Mimi sikuwemo."

"Nilikuwa nakuja kwako."

"Najua. Kila siku unakuja."

Lengai alitaka kurudi ndani, mkewe akamzuia. Kwa desturi hiyo hiyo aliyekwisha kuaga hafungui neno jipya, na hilo Lengai hakuhitaji kufundishwa.

"Mkwe," mzee aliita kutoka zizini, "siku nyingine uniletee tena ya Hans."

Lengai akaitikia kwamba atamletea. Alipogeuka, Naisiae alikuwa ameshavua viatu, anavibeba mkononi kuelekea ndani.

Garini, kondakta, ambaye Lengai alimwomba tangu asubuhi aweke nafasi mbili, alimwuliza mwenzake yuko wapi. Lengai akasogea dirishani. Akalipia zote mbili.